Ugeni ndani ya Lugha Moja: Mkaaji wa Lubumbashi Mjini Dar es Salaam

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayekwenda kukaa Dar es Salaam kwa miezi michache aghalabu hudhani kwamba lugha haitamsumbua. Kiswahili ndicho asemacho nyumbani, na Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa la Kongo. Hata hivyo, siku za kwanza humfundisha kwamba kujua lugha ni jambo moja, na kujua desturi za wanaoisema ni jambo jingine.

Tatizo la kwanza ni saa. Mjini Dar es Salaam hesabu ya saa huanza jua linapochomoza. Mgeni aliyezoea hesabu ya Kifaransa, akiambiwa afike saa nane, huenda akafika asubuhi, saa sita nzima kabla ya wenyeji wake. Akiambiwa saa mbili, huenda akafika alasiri na kukuta kipindi kimekwisha zamani. Dawa yake ni kuuliza: saa nane ya mchana au ya usiku?

La pili ni maamkizi. Lubumbashi, neno "jambo" humtosha mkubwa na mdogo. Dar es Salaam, neno hilo likitamkwa peke yake huachiwa watalii. Kijana humwamkia mkubwa wake "shikamoo", naye hujibiwa "marahaba". Asiyefanya hivyo huonekana hana adabu, ingawa nia yake ni njema. Hali kadhalika dukani: mnunuzi hujulia hali kwanza, kisha husema "naomba sukari". Amri tupu, hata ikitamkwa kwa upole, huwaudhi wasikiaji.

La tatu ni majina ya vitu vya kila siku. Kwa mama lishe, bukari huitwa ugali, sombe huitwa kisamvu, na lengalenga ni mchicha. Makuta ni pesa, mayi ni maji. Maneno haya hujifunzwa kwa wiki moja. Sarufi huchukua muda zaidi, kwa maana anayesema "mama iko" badala ya "mama yupo" hutambulikana mara moja. Mgeni ni kuku mweupe, wahenga walisema.

Hapo ndipo penye hatari. Akichekwa mara mbili tatu, mgeni huanza kunyamaza, au hukimbilia Kifaransa, au huamini kwamba lugha ya mama yake ni Kiswahili kilichoharibika. Historia haiungi mkono imani hiyo. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, na kazi ya kukisanifisha ilifanywa na Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya makoloni ya Waingereza. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika mji wa migodi, midomoni mwa wafanyakazi waliotoka nchi na makabila mbalimbali. Kina kanuni zake, na watoto huzaliwa nacho.

Kwa hiyo anayejifunza kusema "yupo" hasahihishi kosa la wazazi wake. Anaongeza usemi wa pili juu ya ule wa kwanza. Ugumu hurudi siku ya kurejea nyumbani. Akisema "naomba maji" mbele ya nduguze, wao nao humcheka, wakidhani anajivuna. Akiweza kusema "mayi" mezani kwao na "maji" mbele ya mwenye nyumba wake wa Dar es Salaam, bila kuona haya popote, ukaaji wake umemfaa.

Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na safari za namna hii zina sababu mpya. Yafaa walimu wa Kiswahili vyuoni wawafundishe wasafiri saa na maamkizi kabla ya kuondoka, na wawaeleze pia asili ya usemi wao wenyewe.