Kufunga Safari ya Bahari si Kujaza Sanduku

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri karatasi ya maelezo kuhusu meli za watalii, zile meli kubwa zinazowazungusha wasafiri kutoka bandari hadi bandari kwa starehe. Karatasi hiyo ya Kiingereza ilimweleza abiria namna ya kujiandaa: avae nini, abebe nini na aache nini nyumbani. Sehemu ya mavazi waliitafsiri vyema. Suti, kaptura, kofia ya jua, viatu vya ufuoni, vyote walivipatia majina yake. Walipofikia sehemu ya usalama wakakwama. Mmoja aliandika kwamba kabla ya meli kung'oa nanga kila abiria sharti ahudhurie "mazoezi ya viungo". Mwenzake akaandika kwamba katika kila chumba mna "jaketi la maisha", kana kwamba ni vazi lisilochakaa.

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Hata hivyo, nilipoketi usiku kusahihisha kazi zile nilitambua kwamba kosa hilo halikuwa la wanafunzi peke yao. Ni kosa letu sote tunaodhani kwamba kujiandaa kwa safari ya bahari ni kuchagua nguo.

Kiswahili hakidhani hivyo. Mswahili husema amefunga safari. Kinachofungwa ni safari yenyewe, wala si mzigo. Kufunga mizigo ni tendo jingine, dogo, lililomo ndani ya lile kubwa. Lugha hii ililelewa na watu wa bahari, nayo imehifadhi hazina ya maneno yanayohusu matayarisho: masurufu, yaani chakula na fedha za njiani, shehena, yaani mzigo wa chombo, farumi, yaani mawe au mchanga unaotiwa ngamani ili chombo kisichokuwa na shehena kisipinduke. Hata neno msimu, ambalo leo tunalitumia kwa mvua, kandanda na maembe, lina asili ya Kiarabu sawa na neno ambalo Wazungu huziitia pepo za Bahari Hindi.

Nilipokuwa nikikusanya msamiati wa bahari kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamifu, nilimwendea mzee mmoja wa Lamu aliyekuwa baharia tangu ujana wake. Mimi ni mtu wa bara, na swali langu lilikuwa la mtu wa bara: nilitaka kujua mabaharia walifungasha nguo gani. Mzee akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "nguo ni jambo la mwisho. Kwanza niambie, ni kusi au ni kaskazi?"

Kisha akanipangia mambo kwa taratibu. Kwanza upepo, kwa kuwa jahazi la kwenda Arabuni lilisafiri na kusi, na la kutoka huko lilikuja na kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Pili maji ya kunywa. Tatu chakula kisichooza upesi. Nne uzito wa chombo na jinsi ulivyopangwa. Mwisho kabisa ndipo mtu alipokunja kikoi chake.

Abiria wa leo hana haja ya kubeba maji wala farumi. Lakini utaratibu wa mzee yule, wa kutanguliza yale ambayo safari haiwezi kwenda bila ya hayo, ungali na maana. Nililijua hilo kwa gharama yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kongamano moja Ulaya, mimi na mke wangu tuliamua kupumzika siku chache katika meli ya watalii kwenye Bahari ya Mediterania. Gatini tuliwakabidhi mahamali masanduku yetu kama walivyofanya wenzetu. Ndani ya sanduku langu, chini ya suti mbili nilizozikunja kwa uangalifu mkubwa, mlikuwa na dawa zangu za shinikizo la damu. Masanduku ya maelfu ya abiria hayafiki vyumbani kwa dakika moja. Langu lilifika usiku wa manane. Mke wangu hakusema neno, na kimya chake kilitosha. Karatasi ya maelezo ilikuwa imetuonya tubebe dawa mkononi, ila mimi nilikuwa nimesoma sehemu ya mavazi tu.

Basi msafiri na aanze na karatasi zake. Meli huvuka mipaka mingi kwa siku chache, na kila mpaka una sheria zake. Meli inayotoka Barcelona, ikapitia Tunis, kisha ikarejea Marseille, humtoa abiria katika eneo la Schengen na kumwingiza tena. Mkenya mwenye viza ya kuingia mara moja tu anaweza kuzuiwa, hata kama chumba chake kimelipiwa. Isitoshe, nchi nyingi humdai anayetoka Kenya cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo yafaa ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na tangu Julai 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye kuchanjwa.

Baada ya karatasi, afya. Dawa ziwe katika mfuko wa mkononi, pamoja na pasipoti, miwani na nguo moja ya kubadilisha. Anayechafukwa na roho baharini atafute chumba cha katikati ya meli na cha chini, ambako mawimbi hayahisiki sana, na ameze dawa yake kabla ya bahari kuchafuka. Pasi ya nguo na mishumaa viachwe nyumbani, kwa sababu moto ndani ya meli ni adui asiyekimbilika, na aghalabu vitu hivyo hunyang'anywa gatini. Yakishatimia hayo, abiria na akunje nguo zake apendavyo, ila asisahau kwamba usiku wa mwisho masanduku huchukuliwa mapema. Wapo waliofungasha kila kitu wakaamka asubuhi na nguo za kulalia tu.

Limesalia jambo ambalo halimo katika mfuko wowote, nalo ndilo lililowashinda wanafunzi wangu. Zoezi lile si la viungo. Ni zoezi la dharura: abiria huonyeshwa mahali pa kukusanyika, mashua ya kuokolea watu atakayoipanda, na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Hufundishwa pia kuitambua ishara ya hatari, ambayo ni milio mifupi isiyopungua saba ya honi ikifuatwa na mmoja mrefu. Mnamo Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopanda jioni ile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi hilo. Kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 ni lazima lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya matajiri na Ulaya yao. Namkumbusha Aprili 29, 1994, hapa kwetu, feri ilipozama Mtongwe na kuua watu zaidi ya 270 waliokuwa wakivuka maji ambayo mtu huyaona ng'ambo yake. Hao hawakuwa watalii. Ni nani miongoni mwetu, mwalimu au mwanafunzi, anayeweza kusema kwa hakika majaketi ya kuokolea yamewekwa wapi katika feri anayoipanda?

Maoni yangu ni kwamba walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tunawafunza watoto majina ya mavazi, vyakula na wanyama. Hatuwafunzi sitaha, ngama, mashua ya kuokolea wala ishara ya hatari. Mtoto wa Kisumu, wa Mbita au wa Likoni huvuka maji bila ya msamiati wa kumwokoa, na mafunzo ya usalama humfikia katika lugha asiyoielewa barabara. Nusu saa ya ufahamu wa kusikiliza yatosha kufundisha zoezi la dharura kama lilivyo, kwa Kiswahili sanifu.

Wanafunzi wangu niliwarudishia karatasi zao waanze upya. Niliwaagiza waitafsiri sehemu ya usalama kwanza, na ya mavazi mwisho.