RAM gani kwa prosesere gani? Tusipoteze feza ya nyumba

Ilikuwa siku ya mushahara. Papa mmoja wa Kolwezi, mutumishi wa mugodi, alipita mu muji mbele ya kurudi ku nyumba. Tangu miezi miwili mutoto wake wa kwanza alikuwa anamulilia: «Papa, ordinatere iko inakwamakwama. Nikiingia mu muchezo, picha inasimama, kisha inaruka. Banasema ni juu ya RAM. Iko na giga 8 tu. Unitafutie ingine.» Papa hakujua mambo ya RAM, lakini alijua mutoto wake: masomo yalikuwa yanaenda vizuri, na ordinatere ile ya okazyo walikuwa wameinunua pamoja, kidogo kidogo.

Ku duka, muuzishaji alimuonyesha bareti moja ndani ya karatasi ya kungaa. «Muzee, hii ni DDR5, ya kisasa kabisa. Zile za mbele zimekwisha kuzeeka.» Papa akalipa. Magaribi, kijana akafungua sanduku ya ordinatere, akajaribu kuingiza bareti. Ikakataa. Alipoanza kusukuma kwa nguvu, papa akamushika mukono: «Wacha! Utavunja!» Kesho yake muuzishaji akajibu kwamba karatasi imepasuka, hawezi tena kuirudisha. Mama wa nyumba hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: «Baba watoto, ile feza ilikuwa ya minerval ya kadogo.»

Wasomaji wapenzi, habari kama hii inafika mu jamaa nyingi. Vijana wetu wanapenda michezo ya ordinatere, na wazazi wanalipa bila kujua kitu gani wanalipa. Basi tusome pamoja, pole pole. Mambo haya si magumu.

RAM ni kitu gani?

Tufikiri kariere ya wazi. Pele kubwa inachimba, makamyo yanabeba. Hata pele ikiwa na nguvu ya ajabu, kama kamyo ni moja tu, pele itasimama kungojea. Prosesere ni kama pele: njo yenye kufanya kazi na hesabu zote. RAM ni kama makamyo: inaleta mbele ya prosesere vitu vyenye inahitaji sasa hivi. Disiki ni depo: inaweka vitu vingi, lakini kufika kule kunaomba wakati murefu. Ukizima ordinatere, RAM inasahau yote, disiki inachunga.

Kwa hiyo mu RAM tunaangalia mambo mane: aina yake, ukubwa wake, namna ya kuipanga, na mwendo wake. Tufwate ule mupango, sababu aina ikikosekana, mambo mengine hayana maana.

Kwanza: aina

Aina zenye tunaona sana leo ni DDR3, DDR4 na DDR5. DDR4 ilifika mu maduka mwaka wa 2014. Sheria za DDR5 zilitangazwa mwaka wa 2020. Bareti ya DDR4 na ya DDR5 za ordinatere ya meza ziko na meno 288 zote mbili, na urefu sawasawa. Lakini kijipengo chenye kukata meno hakiko pahali pamoja, na hata umeme wake si mumoja: DDR4 inakula volti 1,2, DDR5 volti 1,1. Kijipengo kiliwekwa pale kusudi mutu asikosee. Bareti ikikataa kuingia, haiombi nguvu, inakuambia: «Hapa si pangu.»

Nani anachagua aina? Si mutoto, si muuzishaji. Ni prosesere pamoja na karte mere, ile kadi kubwa yenye kubeba vitu vyote. Angalia:

– AMD Ryzen za ordinatere ya meza, kuanza 1000 (mwaka wa 2017) mpaka 5000: DDR4 tu.
– AMD Ryzen 7000 (mwaka wa 2022), 8000 na 9000 za ordinatere ya meza: DDR5 tu.
– Intel Core za kizazi cha 12 (mwaka wa 2021), cha 13 na cha 14: zinakubali DDR4 ao DDR5, lakini karte mere moja inakubali aina moja. Basi usome jina la karte mere.
– Intel Core Ultra 200 za meza (mwaka wa 2024): DDR5 tu.

Ordinatere ya kijana wetu ilikuwa na Ryzen 5 5600G, prosesere ya mwaka wa 2021. Kwa yeye DDR5 haiwezekani, hata kama ni nzuri namna gani. Ungeweza kumununulia bei mara mbili, ingebaki mu sanduku.

Angalisho ingine: ordinatere ya kubeba mu mukono inatumia bareti fupi, yenye kuitwa SO-DIMM. Na zingine ziko na RAM yenye kuunganishwa kabisa ku karte mere. Ile hairuhusu kubadilisha. Fungua ama uulize fundi mbele ya kutoa feza.

Pili: ukubwa

Muchezo GTA V, wenye kutoka kwa ordinatere mwaka wa 2015, uliomba giga 4 kwa uchache na giga 8 kwa kucheza vizuri. Cyberpunk 2077, kufwata mashauri yenye kutolewa upya mwaka wa 2023, inaomba giga 12 kwa uchache, na giga 16 njo muzuri. Munaona namna mambo yanapanda.

Kwa jamaa ya kawaida, giga 16 ni kipimo cha akili. Giga 32 ni kwa yule mwenye kucheza michezo mipya mizito, ao mwenye kutengeneza video. Giga 64 kwa muchezo tu, ni kujaza depo bila kazi. RAM yenye kupita mahitaji haiongezi mwendo, inalala tu.

Tatu: moja ama mbili?

Hapa watu wengi wanapoteza. Prosesere hizi ziko na njia mbili za kufikia RAM. Ukiweka bareti moja ya giga 16, njia moja inafanya kazi, ya pili inafungwa. Ukiweka bareti mbili za giga 8, ukubwa ni ule ule, lakini njia zote mbili zinafunguka. Tupige hesabu: DDR4-3200 inabeba giga 25,6 kwa segonde mu njia moja, mu njia mbili, giga 51,2. Ni makamyo mara mbili kwa pele ile ile.

Kwa Ryzen 5 5600G neno hili ni kubwa zaidi. Prosesere ile haina karte grafike pembeni. Picha zinatengenezwa ndani yake mwenyewe, na zinakula mu RAM ile ile. Hata zinakamata kipande cha RAM kama chakula chao. Njo maana muchezo wa yule kijana ulikuwa unakwama: bareti moja, njia moja, na watu wawili mezani. Kwa mashini ya namna hii, bareti ya pili inaweza kusaidia kuliko kitu kingine chote cha bei ile.

Kama karte mere iko na nafasi 4, bareti mbili zinaingia ku nafasi ya pili na ya ine, ukihesabu kutoka ku prosesere. Mwenye kuziweka pembeni kwa pembeni anapoteza njia moja bila kujua. Na kwa DDR5, ni afazali kununua bareti mbili kubwa kuliko ine ndogo: zikikuwa ine, karte mere inashindwa kuzikimbiza mbio, na mwendo unaanguka.

Ine: mwendo na kungojea

Ku bareti wanaandika hesabu mbili. Ya kwanza ni kama 3200 ao 6000: njo mwendo, ni kusema mara milioni ngapi inapeleka vitu mu segonde moja. Ya pili ni CL: CL16, CL22, CL30. Njo kungojea, tangu prosesere inaita mpaka kamyo ya kwanza inafika. Mwendo mukubwa ni muzuri. CL ndogo ni nzuri. Lakini usiziangalie mbalimbali. Fanya hivi: CL mara 2000, gawanya na mwendo. Jibu ni kungojea kwa nanosegonde.

DDR4-3200 CL16: 16 × 2000 ÷ 3200 = 10.
DDR4-3200 CL22: 13,75.
DDR4-3600 CL18: 10.
DDR5-6000 CL30: 10.
DDR5-6000 CL36: 12.

Unaona? Bareti mbili za 3200 zinaweza kuwa na jina moja, na moja inachelewa kuliko ingine. Muuzishaji akikuambia «ni 3200 tu, zote sawa», mulombe akuonyeshe CL.

Kila prosesere iko na mwendo wake wa kupatana. Kwa Ryzen 5000, DDR4-3200 ni ya sheria, na 3600 njo pahali pazuri pa kusimama. Kupita pale, sehemu za ndani za prosesere zinaweza kuacha kutembea pamoja na RAM, na faida inarudi nyuma. Kwa Ryzen 7000 na 9000, DDR5-6000 njo pazuri. Prosesere zingine, kama Ryzen 7 5800X3D ya mwaka wa 2022, ziko na kumbukumbu ya ndani, ya karibu sana, mega 96. Zile hazisumbuliwi sana na mwendo wa RAM. Mwenye kuwa nayo asitupe feza ku bareti za bei kali.

Tena, tuseme ukweli: kama ordinatere iko na karte grafike ya zamani yenye kuchoka, RAM ya mbio haitaiponyesha. Tafuta kwanza pahali pa ugonjwa.

Mambo ya kufanya ukifika ku nyumba

Zima ordinatere, tosha waya wa umeme. Gusa chuma cha sanduku mbele ya kushika bareti, kusudi umeme wa mwili usiiharibu. Ingiza sawasawa, mpaka usikie «tak».

Kisha ingia mu BIOS, ufungue XMP (kwa karte mere za AMD mara nyingi ni EXPO ao DOCP). Wengi wanasahau hii. Bareti ya 3600 bila XMP inatembea 2133, 2400 ao 2666 tu. Umelipa mbio, unatembea kwa miguu. Mu Windows, shika Ctrl, Shift na Esc pamoja, ufungue pa «Performances», kisha «Mémoire»: mwendo unaandikwa pale. Programu zingine zinaonyesha nusu, 1600 pahali pa 3200. Usiogope, haukuibiwa: DDR inapeleka mara mbili kwa kila pigo.

Lakini usijaribu kufanya BIOS mupya kama kura iko inaenda na kurudi. Umeme ukikatika katikati ya kazi ile, karte mere inaweza kufa kabisa. Siye tunajua kura yetu.

Na kwa RAM ya okazyo, lomba kuipima na MemTest86 mbele ya kulipa. Ikionyesha kosa hata moja, uiache. RAM mubovu inaleta ekrani ya buluu na kuharibu makaratasi ya masomo. Tunasema hivi kwa sababu mwishoni mwa mwaka wa 2025 bei ya RAM ilipanda sana mu dunia yote, viwanda vikipeleka kazi yao kwa mashini kubwa za akili ya kutengenezwa. Bei ikipanda, wadanganyifu nao wanaamuka.

Na yule papa?

Jirani mumoja, fundi wa ordinatere, aliwasaidia. Alimupata kijana mwingine mwenye Ryzen 7000, akanunua ile DDR5, lakini kwa bei ya chini. Hasara ilikuwapo, tusifiche. Na feza yenye kurudi, papa hakuenda ku duka siku ile. Alilipa kwanza minerval ya kadogo. Mutoto wa kwanza alinyamaza, akaelewa.

Mwezi wenye kufwata, walienda wote wawili ku duka. Kijana alikuwa na karatasi mu mukono: «Ryzen 5 5600G. DDR4. Giga 8. 3200. CL16, sawa na ile ya kwanza.» Muuzishaji akaanza tena: «Niko na ya kisasa zaidi…» Papa akacheka: «Aksanti, mwanangu. Utupe ile yenye kuandikwa hapa.»

Jioni muchezo ulitembea bila kukwama. Kadogo alikaa pembeni, anangojea zamu yake. Na papa aliomba ile bareti ya kwanza aiangalie vizuri, maana walikuwa wameitosha kwa kusafisha vumbi. Meno yake ni ya kungaa, yenye kupakwa zahabu kidogo sana, na njia zake za ndani ni za shaba. Miaka kumi na nane anatumika mu shaba, hakujua kama iko mule pia.

Tukumbuke, wazazi: mbele ya kutoa feza, andika ku karatasi jina la prosesere na la karte mere. Karatasi ile haina bei, lakini ingechunga minerval.