Amepotea au Alipotea? Somo la Riwaya ya Upelelezi

Wapo walimu wa fasihi ambao, wakimwona mwanafunzi na riwaya ya upelelezi, humnyang'anya na kumkabidhi kitabu wanachokiita cha maana. Hoja yao ni kwamba riwaya hizi ni za kupitishia wakati tu: maiti huonekana katika sura ya kwanza, muuaji hunaswa katika sura ya mwisho, na baina ya sura hizo hamna la kumfikirisha mtu. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Natuitazame The Galton Case, riwaya ya Mmarekani Ross Macdonald iliyochapishwa mwaka 1959. Lew Archer, mpelelezi wa kibinafsi wa California, anaitwa na wakili wa bibi mmoja mkongwe, tajiri na mgonjwa. Mwana wa bibi huyo, Anthony Galton, aliondoka nyumbani na mkewe mja mzito zaidi ya miaka 20 nyuma, na tangu siku hiyo hajulikani aliko. Mama ataka kupatana na mwanawe kabla ya kufa. Archer mwenyewe haoni kwamba kuna la kupatikana.

Nyayo zimekwisha kufutika, na mpelelezi wa kibinafsi hana mamlaka ya kumlazimisha mtu yeyote aseme. Kilichobaki ni maneno: shairi lililochapishwa katika jarida dogo chini ya jina la John Brown, na kumbukumbu za wachache waliopata kumjua mwenye jina hilo. Kwa kuyafuata maneno hayo, Archer anafikia mifupa isiyo na fuvu iliyofukuliwa katika mji mdogo wa pwani. Anamfikia pia kijana wa kituo cha petroli anayejiita mwana wa John Brown. Je, huyu ni mjukuu wa kweli, au ni laghai anayeunyemelea urithi? Jibu namwachia msomaji ajitafutie.

Lililonivuta mimi, mtu wa isimu, ni jambo ambalo Kiswahili hulibeba kwa silabi moja. Mtu akitoweka, jamaa zake husema "amepotea". Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha kutendeka lakini hali yake ingalipo: aliyelala "amelala" maadamu hajaamka, na aliyepotea "amepotea" maadamu hajaonekana. Kiambishi -li- hulirudisha tendo nyuma na kulitenga na leo. Asemaye "alipotea" hutudai tungoje neno la pili: akarudi, au akafa. Mama Galton ameishi miaka 20 na ushei ndani ya -me-, na kazi aliyopewa Archer, kwa hakika, ni kumtafutia neno la pili.

Sheria nayo ina njia yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amekufa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanuni hiyo inafaa, kwa kuwa urithi sharti ugawanywe na wajane wajue hali yao. Hata hivyo, hakimu hawezi kumwamuru mzazi abadili kiambishi. Hapa kwetu zipo familia ambazo jamaa zao walichukuliwa au waliondoka, na ambazo hadi leo hazijui kama zikae matanga au ziendelee kungoja. Riwaya inayotufunza kuuelewa mngojeo huo haiwezi kuitwa upuuzi.

Aidha, mwandishi wake hakuwa mbumbumbu. Ross Macdonald, ambaye jina lake halisi ni Kenneth Millar, alikuwa na shahada ya uzamifu. Alizaliwa California mwaka 1915, akalelewa Kanada baada ya babake kuitupa familia. Alijua vyema mtoto hukua vipi bila ya kujua baba yuko wapi.

Sisi pia tuna urithi wetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyemjua katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), huwashinda wahalifu kwa kusikiliza na kuyapima yasemwayo, kiko mkononi. Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi sura moja ya riwaya ya upelelezi, kisha waulizeni: nani anasema "ni kijana mwema" na nani anasema "alikuwa kijana mwema"? Shahidi anayemtaja aliyepotea kwa wakati uliopita, hali wenzake wote wangali wakimtarajia, huenda ana habari ambayo hajaitoa. Mwanafunzi atakayeligundua hilo atakuwa amejifunza sarufi na kusikiliza kwa pamoja, na hatahitaji kulazimishwa kusoma sura inayofuata.