Darubini ya Mwezi: Tutoe Kiasi Gani?

Jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, wapo kati yetu wanaotoka na watoto wao hadi ufukweni Forodhani kuutafuta mwezi mwandamo. Watoto huomba darubini, na mzazi apitapo Darajani hujiuliza atoe kiasi gani.

Tukumbuke kwanza kwamba Masahaba waliuona mwezi kwa macho matupu. Darubini ni msaada, si sharti. Haifai kuinunua kwa fedha ya ada wala ya chakula.

Pili, tusihadaike na nambari kubwa. Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 yatosha: nambari ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ikikuza zaidi ya hapo, mkono huitikisa picha. Kabla ya kulipa, itazamie ncha ya mnara wa msikiti. Ukiona minara miwili, irudishe.

Tatu, mtoto asiielekeze magharibi kabla jua halijazama kabisa, asije akapofuka.

Kinachozidi haja hiyo, tunachelea, ni israfu. Wallahu aalam.