Mipaka ya mkoloni bado inaigawa Dar es Salaam

Ukitoka Posta kwa miguu hadi Kariakoo, unapita miji mitatu ndani ya mji mmoja. Kwanza ni majengo ya serikali yaliyoelekea bahari, yenye bustani na miti ya vivuli. Kisha Kisutu, maduka chini na makazi juu. Ukishavuka uwanja wa Mnazi Mmoja, unaingia kwenye viwanja vidogo vilivyobanana.

Mgawanyo huo haukuja wenyewe. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi. Waingereza walipoushika mji, katika miaka ya 1920 waliugawa rasmi katika kanda tatu. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu. Lakini nani angemudu nyumba ya kizungu ufukweni? Mwafrika mwenye nyumba ya miti na udongo alibaki na ukanda wa tatu. Ndivyo zilivyotokea Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Mnazi Mmoja uliachwa wazi kwa makusudi, utenge makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Lakini kama maradhi ndiyo yaliyoogopwa, dawa ilikuwa maji safi na mifereji Kariakoo, si kuwaweka watu mbali.

Hata hivyo, wenyeji wa Kariakoo hawakukaa kusubiri. Walijenga nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma, wakapangisha vyumba kwa wageni kutoka bara. Watu wa makabila mbalimbali wakachota maji pamoja, wakazikana. Hapo jirani na Mnazi Mmoja, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, chama cha TANU, kilichopigania uhuru, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa kisheria, lakini haukupanga upya ardhi. Oysterbay, kitongoji kilichopimwa kwa ajili ya Wazungu, bado kina viwanja vikubwa na upepo wa bahari. Wakazi wa Manzese na Tandale wanabanana, na mvua za masika zikinyesha, maji huingia vyumbani.

Mkoloni alianza na ramani na bajeti. Nasi tuanzie hapohapo: mifereji, maji na hati za viwanja vitangulie Uswahilini.