Hisabati ya Dau katika Mbio za Farasi

Watu wengi huamini kwamba anayeshinda kamari ya mbio za farasi ni mwenye bahati, au mwenye jicho la kutambua farasi hodari. Imani zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hazielezi kwa nini wachezaji wengi hurudi nyumbani mikono mitupu, hali wenye uwanja hupata chao farasi yeyote ashinde. Jibu limo katika hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Makala hii inakusudia kuieleza, na kuonyesha nidhamu ya mchezaji inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini.

Mfuko wa pamoja

Elimu ya uwezekano ilianzia katika michezo ya bahati. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Karne mbili baadaye, katika miaka ya 1860, Joseph Oller alianzisha mjini Paris utaratibu wa kukusanya madau yote katika mfuko mmoja. Mwaka 1913 mashine kubwa ya kujumlisha madau hayo, iliyobuniwa na mhandisi George Julius, ilianza kazi katika uwanja wa Ellerslie, mjini Auckland, New Zealand. Utaratibu wa mfuko wa pamoja ungali unatumika katika nchi nyingi.

Katika utaratibu huu wachezaji hawashindani na mwenye uwanja, bali wao kwa wao. Madau yote huwekwa pamoja, mwenye uwanja hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawiwa waliomchagua farasi aliyeshinda.

Tuchukue mfano. Tuseme wanakimbia farasi watano, na jumla ya madau ni shilingi 10,000. Radi amewekewa shilingi 4,000, Tufani 2,500, Mshale 2,000, Kimondo 1,000 na Wimbi 500. Makato yakiwa asilimia 20, hubaki shilingi 8,000 za kugawa. Basi kila shilingi moja iliyowekwa italipwa kama ifuatavyo: Radi akishinda, shilingi 2.00, Tufani, 3.20, Mshale, 4.00, Kimondo, 8.00, na Wimbi, 16.00.

Sasa tuchukulie kwamba umati umekadiria sawasawa, yaani Radi, aliyepata asilimia 40 ya fedha, kweli hushinda mara 40 katika kila 100. Mwenye kumwekea shilingi moja atapata, kwa wastani, 0.40 mara 2.00, yaani senti 80. Kwa Mshale ni 0.20 mara 4.00, nazo ni senti 80 vilevile. Hata Wimbi, mwenye malipo ya kutamanisha, hurudisha senti 80 zile zile. Hakuna chaguo lililo jema kuliko lingine. Senti 20 zimekwisha kukatwa kabla farasi hawajatoka mstarini. Anayeanza na shilingi 1,000 na kuzizungusha zote mara tano atabakiwa, kwa wastani, na shilingi 328 tu.

Kuwashinda wenzako hakutoshi

Kutokana na mfano huu twaona sharti la kupata faida. Mshale hulipa 4.00, kwa hiyo yampasa awe na uwezekano wa kushinda unaozidi asilimia 25 ndipo dau liwe na faida, ingawa umati umempa asilimia 20. Haitoshi kumjua farasi kidogo kuliko wengine. Ni lazima makosa ya umati yawe makubwa kuliko makato.

Je, umati hukosea? Mwaka 1949 mtafiti R. M. Griffith alichunguza mbio za Marekani, akaona kwamba farasi wasiotegemewa huwekewa fedha nyingi kuliko wanavyostahili, na wale wanaopendelewa huwekewa pungufu. Tabia hiyo imeonekana katika viwanja vingi, ingawa si vyote. Hata hivyo, mara nyingi kosa hilo ni dogo kuliko makato, hivyo kumfuata tu farasi anayependelewa hupunguza hasara bila kuleta faida.

Ukubwa wa dau

Tuseme mchezaji amechunguza kwa makini na kukadiria, bila kujidanganya, kwamba Mshale ana uwezekano wa asilimia 30. Aweke kiasi gani? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1956 na John Kelly, mwanasayansi wa maabara ya Bell huko Marekani. Zidisha uwezekano kwa malipo, toa moja, kisha gawanya kwa malipo yaliyopunguzwa moja. Hapa 0.30 mara 4.00 ni 1.20; ukitoa moja hubaki 0.20, ukigawanya kwa 3 hupata sehemu moja ya 15. Mwenye akiba ya shilingi 3,000 asizidishe 200. Kama kadirio lake ni asilimia 25, jibu ni sifuri. Likiwa chini ya hapo, jibu huwa hasi, maana yake asiweke kitu.

Yafaa kukumbuka pia kwamba dau hubadili malipo yake lenyewe. Shilingi 200 zikiongezwa kwa Mshale, mfuko huwa 10,200 na malipo hushuka kutoka 4.00 hadi 3.71. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa makadirio yana makosa, wachezaji waangalifu huweka nusu ya kiasi cha Kelly au chini yake.

Kinyume cha nidhamu hii ni kuongeza dau maradufu kila unaposhindwa. Anayeanza na shilingi 10 kwa farasi kama Radi, akashindwa mara nane mfululizo, atakuwa amepoteza shilingi 2,550, na dau la tisa litakuwa 2,560, yote kwa ajili ya kupata faida ya shilingi 10. Kushindwa mara nane mfululizo si ajabu: hutokea karibu mara moja katika kila majaribio 60. Farasi hawajui kwamba mchezaji ameshindwa jana, wala hawamdai ushindi leo.

Daftari la kumbukumbu

Mtu atajuaje kwamba ana ujuzi na si bahati? Aandike kila dau, kadirio alilofanya kabla ya mbio, malipo na matokeo. Wala asiharakishe kujisifu. Wachezaji 100 wasio na ujuzi wowote wakimchagua farasi wa aina ya Mshale mara 100 kila mmoja, yapata 9 kati yao watakuwa na faida kwa bahati tupu. Hao ndio tunaowasikia wakisimulia. Wale 91 hunyamaza.

Wapo waliofaulu. Bill Benter, Mmarekani aliyefanya kazi Hong Kong tangu miaka ya 1980, alieleza njia yake katika ripoti ya mwaka 1994. Alitumia kompyuta, kumbukumbu za mbio nyingi zilizopita na vipimo vingi vya kila farasi, kisha akachanganya makadirio yake na yale ya umati, kwa kuwa umati hujua mengi. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka, yenye mtaji na wasaidizi, wala si burudani ya Jumapili.

Kwa mtu wa kawaida, awe kwenye uwanja wa Ngong mjini Nairobi au penginepo, nidhamu ya kweli ni hii: atenge mapema kiasi anachoweza kukikosa bila nyumba kutetereka, akihesabu kuwa ni gharama ya kujifurahisha, kikiisha, aondoke, asikope kamwe ili kufidia hasara. Nidhamu haigeuzi senti 80 kuwa shilingi. Kazi yake ni kumwonyesha mtu, kabla hajafungua mkoba, kwamba senti 20 hazipo tena, na kumwachia uhuru wa kuufunga.