Kalenda ya Mhusika Si Kalenda Yako

Swali kuhusu michezo ya kuigiza wahusika mezani limenifikia tena, na limeshanichosha: "Tunacheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi, lakini safari hii tumeahirisha kwa wiki mbili. Wahusika wetu wamefanya nini wiki hizo mbili?" Jibu ni lile lile: hakuna wiki mbili. Zimepita kwako wewe mchezaji. Kama mliagana mwizi wa kundi ameshaingiza waya kwenye kufuli la kasha, na mifupa inayotembea inagonga mlango, mkikutana tena waya bado umo kufulini. Haikupita hata sekunde moja.

Mkanganyiko huu unatokana na imani inayosambazwa kama sheria: siku moja ya dunia yetu ni siku moja ya mchezo. Wanaoieneza humtaja Gary Gygax, mmoja wa waliouunda mchezo huu, na ni kweli alipendekeza hivyo kwa siku zisizo na mchezo, katika mwongozo wake kwa waendesha mchezo wa mwaka 1979. Wasichouliza ni kwa nini. Sheria za kwanza za 1974 zilizungumzia wachezaji wanne hadi hamsini katika kampeni moja, yaani hadithi ndefu ya pamoja. Katika kampeni ya namna hiyo, makundi tofauti huvamia handaki lile lile kwa siku tofauti. Kundi la Jumatatu likibeba hazina, la Alhamisi sharti likute chumba kitupu. Bila kalenda moja ya wote, mambo yangevurugika. Ninyi mko watano, na ni watano wale wale kila mara. Mnapatanisha kalenda ya nani na nani?

Hebu tupige hesabu. Kwa sheria za mchezo huu za 2014, fundi hutengeneza kitu kwa kasi ya sarafu 5 za dhahabu kwa siku. Deraya kamili ya chuma ina thamani ya sarafu 1,500, yaani siku 300 za kazi. Kujifunza lugha mpya huchukua siku 250. Ukifuata imani hii, shujaa wako atasubiri deraya yake karibu miezi kumi ya maisha yako! Hakuna meza inayovumilia hivyo. Kinachotokea ni kwamba watu huachana na shughuli hizo kabisa, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo: wahusika wanaotoka uanagenzi hadi kuua majoka ndani ya wiki chache, bila nyumba, bila deni, bila adui aliyepata nafasi ya kujipanga.

Swali sahihi ni hili: safari ya wahusika ikiisha, tunaruka muda gani, na kila mmoja anautumia kwa lipi?

Majibu yapo tele, hata katika michezo mingine ya aina hii. Pendragon ya Greg Stafford, tangu 1985, ina awamu ya majira ya baridi: mavuno, ndoa, watoto, uzee. Ars Magica ya 1987 huhesabu misimu minne kwa mwaka, na kila msimu mchawi huchagua kazi: kusoma, kuandika kitabu, kufanya majaribio maabarani. Blades in the Dark ya John Harper huwapa wahalifu shughuli mbili baada ya kila tukio, nao huchagua kati ya kutibu majeraha, kujinoa, kupunguza macho ya polisi au kurudi kwenye uraibu wao. Wa Dungeons & Dragons, fungueni kitabu Xanathar's Guide to Everything cha 2017: hupima shughuli kwa wiki za kazi, na huongeza matatizo yanayoweza kuzuka.

Hamtaki kitabu kipya? Malizeni safari mahali salama. Mwendeshaji atamke muda: wiki tatu, miezi sita. Kila mchezaji ataje kazi moja, arushe kete mara moja, apate tokeo moja. Adui naye apige hatua moja. Dakika kumi zinatosha. Andikeni tarehe mpya ya mchezo, kisha endeleeni.

Muda wa mchezo huamuliwa mezani, na wote mkisikia. Mkiahirisha kikao kwa mwezi mzima, mhusika wako hakudai chochote.